Gari la Eladio na Nyumba ya Bibi Yake

Eladio Batista alirudi kuishi na bibi yake, Mama Fela, pale miguu ya bibi ilipozikataa ngazi. Alimwogesha, akampondea ndizi kila asubuhi, na jioni akaenda zamu yake ya kuoka mikate. Mimi nakaa chini yao, na dari za majengo haya ya New York hazifichi kitu.

Mama Fela alipofariki, mwenye jengo hakungoja hata tumalize siku tisa za sala. Alitaka nyumba, apangishe kwa bei kubwa. Sheria inampa mjukuu haki ya kubaki kwa kodi ileile ya zamani, mradi aliishi humo na bibi miaka miwili ya mwisho.

Eladio aliishi minne. Kilichomponza ni gari. Bima ya mjini inachuna ngozi, basi aliliandikisha kwa anwani ya binamu yake, jimbo la Pennsylvania, ambako bima ni nafuu. Wakili wa mwenye jengo akadai huko ndiko kwake. Majirani walioombwa ushahidi wakaingia mitini, maana nusu ya mtaa wamefanya ujanja uleule.

"Mama Zunilda, umebaki wewe tu," aliniambia.

"Mimi sina gari, nimwogope nani? Ila wewe mjinga, mwanangu. Unabana bima, unapoteza nyumba!"

Mahakamani Eladio alikiri udanganyifu wake wa bima, hakimu akamkaripia vilivyo. Kisha wakili akanigeukia. "Unajuaje hakuwa mgeni tu?"

Nikapandwa na hasira. "Siku za kufagiwa barabara, huyu anashuka na kandambili, macho hayajafunguka, anahamisha gari asipigwe faini. Anasinzia humo mpaka wafagiaji wapite. Mvua, theluji, yumo. Na Mama Fela dirishani anamfokea, 'Eladio, wanakuja!' mpaka mtaa mzima tunaamka. Wewe ukienda kumsalimia bibi yako, unayafanya hayo miaka minne?"

Hakimu alijikohoza kuficha kicheko. Nyumba akampa Eladio.

Kwenye korido nikamvuta mkono. "Haya, twende nyumbani."

Hakwenda. Alikaa kwenye benchi akaangua kilio, "Bibi! Bibi yangu!" watu wakitutazama. Nilidhani ni furaha. Kumbe tangu tumzike hakuwa amepata nafasi ya kumlilia. Alikuwa anahangaika kuthibitisha kwamba aliishi naye.