Kiazi Kilichoozesha Tangawizi ya Bibi

Kama hujawahi kunusa tangawizi iliyooza, mshukuru Mungu uendelee na maisha yako. Tangawizi nzima inanukia chai, inanukia dawa ya mafua, inanukia wageni. Ikioza inanuka mguu. Tena si mguu wowote, ni mguu uliokaa ndani ya buti la mpira tangu Jumatatu halafu ukachovywa kwenye pombe iliyochacha. Ute wake unavutika kama kamasi za mtoto. Nimenawa kwa sabuni ya unga, ndimu na majivu, na bado nikipeleka mkono puani natamani uwe mkono wa mtu mwingine.

Tunaishi Mamba, huku juu milimani, wilaya ya Same. Huku tangawizi ndiyo sare ya shule, ndiyo bati, ndiyo sadaka ya Jumapili. Mimi niko kidato cha tatu na nakaa na bibi mzaa mama. Nyuma ya nyumba yake kuna ghala la mbegu, chumba cha mawe kilichojichimbia kwenye mteremko upande ambao jua halifiki. Ukiingia mchana wa kiangazi unatafuta sweta. Bibi ameacha matundu ukutani ili hewa ipite. Kila baada ya kuvuna anachagua tangawizi nzuri kuliko zote, zilizonona, zenye macho ya kuchipulia, anazilaza juu ya majani makavu, na hapo zinalala gizani kusubiri mvua. Haziuzi hata ukimpigia magoti. Wanunuzi wakija na magari yao na kuzichungulia, anawaambia hiyo si tangawizi, hiyo ni mwaka ujao.

Sasa mwingize mjomba kwenye hadithi, uone mwaka ujao unavyoharibiwa.

Mjomba ni kitinda mimba wa bibi. Alikuwa na duka la steshenari mjini Same, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawaandikia watu barua za kuomba kazi ambazo hawapati. Katika kukaa kwake kwenye kompyuta akakutana na sarafu za mtandaoni. Si ile kubwa inayotajwa redioni, ile inataka mashine za matajiri. Mjomba alichagua moja ambayo hata wenye akili za mtandao hawaijui, na nembo yake ni kiazi kinachokonyeza. Sikutanii. Watu wazima wenye ndevu, mahali fulani duniani, walikaa wakakubaliana kwamba hela ya kesho itakuwa na sura ya kiazi. Namna ya kuipata ni kuichimba: kompyuta yako inakaa inapiga hesabu ngumu bila kupumzika, pamoja na kompyuta za wengine, ili pasiwe na mtu wa kudanganya kwenye malipo, na ikibahatika kupatia unazawadiwa viazi. Hesabu zenyewe hazina maana yoyote. Ni kama adhabu ya mwalimu wa zamu, kuandika sentensi moja mpaka kidole kiote sugu.

Shida ya mashine hizo ni joto. Na Same unaijua, pale hata mbuzi wanapanga foleni kwenye kivuli cha nguzo ya umeme. Mashine zikawa zinachemka na kujizima. Mjomba akaona dawa ni kupanda nazo mlimani. Alifika na kompyuta moja, kadi nne za picha, zile zinazopiga hizo hesabu, alizozinunua zimeshatumika, na fremu aliyoigongelea kwa mbao za banda la kuku, kinyesi kikiwa bado kimekaukia juu. Akazunguka nyumba nzima akiweka kiganja ukutani kama daktari, anatafuta pa baridi. Sihitaji kukwambia alisimama wapi.

Ilibidi amweleze bibi, na hapo ndipo alipopiga bao la maisha yake. Alimwambia ni msaragambo. Huku kwetu msaragambo ni kazi ya wote. Bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, tunaliita ndiva, likipasuka, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnachimba, mnabeba mawe, na asiyetoka maji yakianza kupita anayaangalia yakienda kwa jirani. Bibi hajawahi kukosa. Alitoka hata akiwa na mimba ya mjomba huyuhuyu, na sijui kama angejua anachobeba angejisumbua. Basi mjomba akamwambia kompyuta za dunia nzima zinafanya msaragambo, kila nyumba inatoa moja, na hii ndiyo ya nyumba yetu. Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema kona moja tu, na isiguse majani.

Utunzaji nikapewa mimi, kwa sababu nina kompyuta kichwani, alivyosema mjomba, ingawa mwalimu wa hesabu ana maoni tofauti. Kutunza mashine ya kuchimba, ndugu msomaji, ni kutunza choo. Feni inavuta kila kitu: vumbi, manyoya ya kuku, mabawa ya mende. Nilikuwa naisafisha kwa mswaki wa zamani na pampu ya baiskeli, na kila nikipuliza linatoka jambo jipya. Siku moja alitoka mjusi, amekauka, mdomo wazi, kama aliyekatishwa akisema kitu. Panya walizaa nyuma ya pawa saplai, kisanduku cha kuipa mashine umeme, wakaacha watoto wekundu wasio na nywele, wametulia kwenye joto kama wako wodini. Dawa maalumu ya kupoozea, ile inayopakwa kati ya kadi na chuma chake, ilipoisha, mjomba alipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Yakayeyuka, yakatiririka, ghala zima likanuka kiwele kilichoungua.

Na ukishasafisha vyuma, unasafisha programu. Kulikuwa na kundi la mtandaoni la wachimba kiazi, na mjomba alinifanya nisome kila kinachoandikwa humo nimtafsirie. Mwanzoni walikuwa wengi, wanatukanana, wanatumiana picha za magari ambayo si yao. Kisha bei ya kiazi ikaporomoka na wakaanza kupungua. Hata yule aliyekuwa anarekebisha programu akaandika kwamba anaoa, akaondoka, na hajarudi mpaka leo. Kila programu ilipogoma, aliyebaki wa kuirekebisha ni mimi, mtoto wa kidato cha tatu mwenye bando la kuunga. Kwenye kioo kuna sehemu inayoonyesha kompyuta nyingine zilizo kwenye kazi. Nilikuwa naiangalia inafupika kama daftari linalochanwa kurasa, mpaka ikabaki namba moja tu zaidi ya yetu.

Wakati huo tangawizi zilishaanza kutoa jasho. Mashine inapumua hewa ya moto, na mjomba alikuwa ameziba yale matundu ya bibi kwa nailoni, eti ukungu wa mlimani usiingie ukalowesha kadi zake. Ghala la baridi likawa kama blanketi la mtu mwenye homa. Tangawizi zilichipua kabla ya wakati, machipukizi meupe, membamba, ya kuchukiza, kama vidole vya mtu aliyefungiwa. Halafu zikalegea. Halafu ule mguu ukaanza kunuka. Mjomba akasema ni panya.

Bibi aliingia, akaokota moja, akaibonyeza, kidole kikazama. Akatoka akakifuta kwenye nyasi. Jioni akamwambia mwanawe aihamishe mashine.

Mjomba akamwambia haiwezekani. Akamweleza kwamba msaragambo umevunjika, watu wote wamekimbia, tumebaki sisi na mwenzetu mmoja tu, hatumjui jina wala nchi, ila hajakosa hata siku moja. Tukiondoka, atabaki peke yake na kazi yote itakufa mikononi mwake.

Nilimwangalia bibi nikitegemea atamfukuza na kuni. Bibi akauliza, "Huyo mwenzenu ana watoto?"

Mjomba akasema hajui.

"Basi mwacheni amalizie. Mtu haachwi na mawe peke yake."

Bibi ambaye hakumpa mchungaji mbegu hata moja aliamua mwaka wake ujao uoze, kwa heshima ya mtu asiyemjua, kwa sababu yeye mwenyewe asingekubali kuachwa pale kwenye ndiva. Na mjomba alikubali kupokea heshima hiyo. Alikaa akanywa uji. Kuanzia jioni ile, kwenye sala ya nyumbani, baada ya wagonjwa na wasafiri, bibi alikuwa anamwombea mwenzetu wa kule aliko, apewe nguvu. Mjomba alikuwa anaitikia amina kwa sauti ya kwaya. Nilijaribu kumtania bibi kwamba pengine mwenzetu ni kiazi kweli. Akaniambia nisimcheke mtu anayefanya kazi.

Mchana alikuwa anaingia ghalani na ndoo, anatoa zilizooza, anazigeuza zilizobaki, anatoka macho yanamtoka machozi kwa harufu. Nikimwambia aizime tu, ananijibu nimuulize kama mwenzetu bado yupo. Naangalia kioo. Yupo. Bado yupo, kila siku yupo, mbwa huyu.

Kisha pawa saplai ikaungua, na mjomba akanituma Jumamosi niteremke mjini kwa rafiki yake fundi simu, nichukue nyingine. Wakati huohuo aliunganisha ya kuazima ili mwenzetu asipate shida. Nikateremka.

Kibanda cha fundi kipo nyuma ya stendi, kidogo, kinanuka risasi ya kuchomelea na maandazi. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kutafuta kwenye maboksi. Mimi nikainama kutoa jiwe kwenye kiatu, na chini ya meza yake nikaona kompyuta nyeusi inayonguruma. Juu yake zimetandazwa soksi tatu zilizolowa. Soksi za kahawia ambazo zamani zilikuwa nyeupe, zinafuka mvuke. Na pembeni, kwenye kioo kidogo kilichopasuka, kiazi kinakonyeza.

Nikamuuliza hii ni ya nani.

"Si ya mjomba wako? Aliileta ikiwa mbovu, nikaitengeneza, hajaifuata. Ukiiwasha tu inaanza mambo yake yenyewe. Nimeiacha, inanikaushia soksi."

Nikasogeza soksi kwa kalamu, kwa sababu mkono wangu una utu, nikasoma kioo. Pale penye orodha ya walio kwenye kazi kulikuwa na mwenzake mmoja tu. Namba ile naijua kuliko namba yangu ya mtihani. Ilikuwa sisi.

Nikaichomoa kwenye umeme. Feni ikazunguka kidogo, ikakata roho. Haikupita muda simu yangu ikaita, mjomba, sauti imekauka.

"Yule mwenzetu ameondoka. Sasa hivi tu, naangalia hivi."

"Pole, mjomba," nikamwambia.

Fundi alinifungia ile kompyuta kwa kamba, soksi zake akabaki nazo, nashukuru. Nilipanda nayo bodaboda, nimeipakata njia nzima kama mtoto aliyetoka kulazwa, vumbi la tambarare kwanza, kisha kona, kisha ukungu. Nilipofika, bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ghala na ungo mapajani, anachambua. Mjomba amesimama nyuma yake, mnyonge, anamsimulia msiba wa mwenzetu, na bibi anampa pole. Anampa pole, mikono imejaa ute.

Nikaiweka chini mbele yake.

"Bibi, mwenzetu huyu hapa. Alikuwa Same, chini ya meza ya fundi. Ni ya mjomba. Walikuwa wanabebeana mawe wawili, yeye na yeye."

Bibi aliitazama kompyuta. Akaitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta uso. Halafu akamgeukia mjomba, na mjomba akaanza kueleza mambo ya programu kujiwasha, akaeleza, akaeleza, mpaka mwenyewe akachoka kujisikia.

"Uliniombesha," bibi akasema. Basi.

Akainuka, akaingia ghalani, akachana nailoni yote kwenye matundu kwa kucha, kisha akazima swichi. Kiazi kikafumba jicho lake lililobaki. Hivyo ndivyo ilivyokufa sarafu ya dunia nzima, kwenye ghala la mbegu Mamba, kwa kidole chenye ute.

Tulichambua wote watatu mpaka giza likaingia. Bibi alimkalisha mjomba katikati, pale palipooza kuliko kote, na hakumpa mfuko wa kuvaa mkononi. Ukibonyeza kumi, tisa zinapasuka. Mjomba alitapika pembeni, akarudi, akaendelea, na sikumhurumia. Kabla hatujamaliza aliniuliza kwa kunong'ona kama tukiziwasha zote mbili kwa muda mfupi tu tunaweza kuvitoa viazi vilivyomo tukaviuza. Tuviuze kwa nani? Wanunuzi wote wawili walikuwa yeye.

Zilizopona hazikujaza hata ungo. Bibi alizilaza kwenye majani mapya, akazifunika kama watoto, na akasema kesho atapita kwa majirani, wale waliokuwa wanakuja kwake kuomba mbegu, aone nani amebakiwa na za ziada. Alisema kwa sauti ya kawaida. Sijawahi kumwona bibi anaomba mbegu.

Kwenye sala aliwataja wagonjwa, akawataja wasafiri. Alipofika pale pa mwenzetu akaparuka. Msimu huu Mamba nzima inaomba mvua iwahi. Bibi aliomba ichelewe, hata kidogo, mpaka apate cha kupanda. Mjomba safari hii aliitikia chini chini. Mimi nilikunja mikono mbali na pua, nikasema amina.