Neno la Mdakaji

Mzee Kisilu alipozikwa mwaka huu baada ya Pasaka, padri alimsifu kwa kahawa yake na kwa kutokosa misa. Kuhusu mikono yake hakusema kitu, labda kwa kuwa ni mgeni katika parokia.

Watu wa milima ya Kangundo walimjua mzee huyo kwa mikono. Ndiyo iliyochuma kahawa na kushika rozari, na kila sikukuu ya mavuno, katika uwanja wa kanisa, ndiyo iliyodaka watu. Kikundi chao cha ngoma kilikuwa na mruko mmoja uliowafanya akina mama wafumbe macho. Mrukaji alipanda mabegani mwa wanaume wawili, akasimama wima akiwa amempa mdakaji mgongo. Kugeuka kutazama kulikuwa mwiko. Mdakaji akiwa tayari alisema neno moja la Kikamba, “Uka,” yaani njoo, na mrukaji akajiachilia kinyumenyume, akapinduka hewani. Tangu ujana wake Kisilu alilisema neno hilo, na hakuna aliyewahi kuanguka.

Lakini sikukuu iliyopita ilimkuta macho yamemharibikia. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilianza kufuata. Hakumwambia mtu. Mrukaji wa mwaka huo alikuwa Wayua, mjukuu wake, na Kisilu alitaka kumdaka huyo mmoja tu, kisha astaafu kwa heshima.

Juma la mwisho la mazoezi, Wayua aliruka na Kisilu akamshika bega moja tu. Msichana alining'inia, akateleza, akakwaruzika goti.

“Miguu yako imepinda,” Kisilu alimwambia. “Ndiyo maana umekuja upande.”

“Pole, babu. Nitarekebisha.”

Msichana alirekebisha kweli. Kila jioni alisimama juu ya ukuta wa kisima akinyoosha miguu ambayo haikuwa na kosa, huku babu yake akimsikiliza kutoka barazani, chai ikimpoa mkononi.

Asubuhi ya sikukuu mkewe, Ndila, alimfunga vifungo vya shati.

“Baba Mutheu, jana ulimsalimia Kalunde ukamwita Mutanu.”

“Wanafanana.”

“Kalunde ni mrefu kama mlingoti! Wanafanana wapi?” Kisha akashusha sauti. “Unaona?”

“Naona ya kutosha.”

Ndila alimkung'uta vumbi mabegani, akatangulia kanisani.

Baada ya misa uwanja ulijaa. Palikuwa na miwa, sufuria za mahindi ya muthokoi, mbuzi wa sadaka waliofungwa kwenye ua, na watoto wakipuliza filimbi za plastiki. Vikundi vitatu vilikuwa vimeshacheza mbele ya waamuzi, vikishindania kondoo. Zamu yao ilipofika, Kisilu alikwenda mahali pake akihesabu kwa miguu, maana jua lilikuwa limemkaa usoni na mbele yake aliona weupe mtupu. Ngoma zikaanza. Wanaume wawili wakachutama, Wayua akapanda. Kisilu alijua amepanda kwa sababu umati ulinyamaza.

Aliinua mikono. Kule juu palikuwa na kitu cheusi kinachocheza, lakini hakujua ni mtoto au ni kivuli cha jicho lake mwenyewe. Yesu wangu, aliomba, nionyeshe mara hii moja. Kitu kile kikasogea kushoto. Kisha kikawa viwili.

Ngoma zilifika mahali pa neno, zikapita. Mpigaji mkuu, Mumo, akazirudisha mwanzo.

“Mzee,” Mumo alinong'ona bila kuacha kupiga, “sema!”

Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na angeweza kulitamka akamwachia Mungu yaliyobaki. Huenda angemdaka. Juu, Wayua alikuwa akisubiri na miguu yake imenyooka, akiamini kwamba kama kuna hatari, imetoka kwake.

Ngoma zikapita mara ya pili.

“Mzee amelala wima!” mtu alipiga kelele kutoka kwenye miwa, na watu wakacheka.

“Mleteeni mto!”

Wanaume wawili walianza kutetemeka magoti. “Mzee Kisilu, tunachoka,” mmoja alisema akiuma meno.

Kisilu akashusha mikono.

“Jeremiah!” aliita. “Jeremiah yuko wapi?”

Jeremiah alifanya kazi ya kushona nguo katika viwanda vya EPZ, Athi River, na alikuja nyumbani wikendi. Alikuwa ameomba mara nyingi kufundishwa kudaka, na Kisilu alikuwa akimjibu kwamba mikono ya kushona suruali haidaki mtu. Kijana alitoka mbio mwishoni mwa safu.

“Simama hapa. Mimi sioni.”

“Huoni nini, mzee?”

“Sioni, Jeremiah! Simama!”

Alisema kwa nguvu, na walio karibu wakaacha kucheka. Jeremiah akasimama, akainua mikono, akaita, “Uka!”

Wayua hakuruka. Haikuwa sauti aliyoizoea.

Kisilu alisogea nyuma ya kijana, akamshika viwiko, akavipandisha kidogo, akamsukuma miguu kwa mguu wake mpaka ikaachana vizuri.

“Unamwona?”

“Namwona.”

“Mbele za Mungu, unamwona?”

“Namwona, mzee. Namwona vizuri.”

“Uka,” Kisilu akasema.

Alisikia upepo wa nguo, kisha kishindo kifuani mwa Jeremiah kilichowarudisha wote wawili nyuma hatua moja. Halafu vigelegele.

Waamuzi waliwaondolea alama kwa kuchelewa na kwa kubadilisha mtu, na kondoo wa ushindi akaenda kwa kikundi kingine. Mumo hakumsemesha Kisilu siku nzima. Ndila alimwongoza mumewe kwa mkono katikati ya watu, waziwazi, wakaketi kivulini. Wayua akaja akihema, akakaa chini karibu na magoti ya babu yake.

“Babu, leo miguu ilikuwa sawa?”

Kisilu alimtafuta kichwa kwa mkono mpaka akakipata.

“Ilikuwa sawa,” alisema. “Hata siku ile ilikuwa sawa. Ni mimi sikukuona.”