Nauli Iliyolia Kwenye Buti

Teksi yangu ina leseni, bima na stika ya ukaguzi, na zote huisha nikiwa sina kitu. Kwa hivyo siku ile ya soko pale Bisil sikutaka mchezo. Mzee mmoja mfugaji alinikodi nimpeleke Mashuuru, pamoja na mbuzi wake jike aliyekosa mnunuzi. Tulipofika kwake, akaniambia mbuzi ndiye nauli.

"Mzee, nikienda kuweka petroli nilipe na mbuzi?" nilifoka.

Alicheka tu, akafunga buti mbuzi akiwa bado ndani.

Nilinung'unika njia nzima hadi Kitengela, na mbuzi akanijibu kila kona. Mke wangu alimfunga nyuma ya nyumba. Baada ya miezi miwili mbuzi akazaa mapacha, wiki ile ile gari lilipolala kwa fundi, klachi imekufa.

"Huyu anakula nyasi ya bure na ameleta wawili," mke wangu akasema. "Hiyo gari yako imezaa nini?"

Juzi yule mzee alinikodi tena. Tulipofika Mashuuru, alinilipa pesa taslimu. Nilikasirika kuliko siku ya kwanza.