Vinywa Viwili vya Mukabalisa

Kila asubuhi mashine ya kuchapa picha ya Laurence ilipowashwa ilinguruma yenyewe, bila kutoa karatasi, na kwenye kioo chake ikaandika: kalibraji. Laurence alilichukia neno hilo kama mgeni anayesema ameshiba huku anavuta kiti mezani. Inakula wino, haitoi kitu! Basi alibonyeza kitufe cha kusitisha, akaanza kazi. Wachapaji wenzake wa mtaa wa Mabanga, Goma, walifanya vivyo hivyo. Ukiwauliza, watakuambia wino hauanguki na mvua.

Siku ile aliamka amechoka. Mwaka huo picha za marehemu zilikuwa zimezipita za maharusi kwa mbali, na mabega yake yalizijua zote.

Akaingia muzee Twagirimana, mkimbizi wa kutoka Rutshuru aliyekaa kambi ya Mugunga, na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani mlikuwa na picha moja tu ya bibi yake wa ndoa, Mukabalisa, amevaa kitenge cha njano, anacheka. Jeneza lilikuwa tayari ndani ya gari, nje pale barabarani. Picha ndiyo ingetangulia mbele yake kwenda makaburini. Bila picha, muzee hakutaka kuondoka.

Karatasi ikatoka. Muzee aliisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni bibi yako, muzee."

"Hapana. Bibi yangu alikuwa na kinywa kimoja, na hicho kimoja kilinitosha."

Laurence akatazama. Kweli, kando ya midomo myekundu palikuwa na midomo mingine ya buluu, na macho yalikuwa manne. Akachapa tena, vilevile. Akaipiga mashine kofi la ubavuni, dawa ambayo Goma inatibia redio, jenereta na waume. Vilevile.

Nje dereva akapiga honi.

"Unipe tu hiyo," muzee akasema. "Nitaambia watu alikuwa na pacha."

Laurence hakucheka. Alikuwa anaangalia ile buluu, jinsi ilivyosogea upande mmoja usoni kote, kitenge kote. Mashine ina rangi nne tu: nyeusi, buluu, waridi na njano. Kila moja inalazwa juu ya mwenzake kwenye mkanda unaozunguka ndani, na moja ikichelewa kwa unene wa unywele, mtu anapata vinywa viwili. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia: uiache ijipime. Na yeye kila asubuhi aliifunga kinywa.

Akatafuta lile neno kwenye kioo, akalibonyeza, akaweka mikono nyuma ili isimponyoke ikasitisha tena.

"Inafanya nini?" muzee akauliza.

"Inajiangalia. Inachora mistari midogo ya kila rangi kwenye mkanda wake. Kuna jicho linaimulika, linaona ni rangi gani imechelewa, halafu mashine inaiambia ianze mapema. Kisha inafuta yote."

"Kujiangalia muda wote huu? Kama Mukabalisa siku ya misa."

Mashine ikanyamaza, ikaandika kwamba imeshindwa. Laurence akaguna, akaizima, akaifungua. Lile jicho lilikuwa limefunikwa na vumbi jeusi la volkano, lilelile linaloingia mpaka kwenye sahani za fufu. Kipofu hasomi mistari. Akalipangusa polepole kwa kitambaa kikavu, akafunga, akaanza upya. Honi ikalia tena, ndefu.

"Mwambie huyo dereva," muzee akasema kwa mtu asiyekuwepo, "marehemu hana haraka."

Mngurumo ukaisha, akachapa tena. Karatasi ikatoka.

Kinywa kimoja. Macho mawili. Kitenge cha njano, kila ua mahali pake. Muzee aliitazama mpaka Laurence akaogopa kwamba bado kuna kosa.

"Si yeye?"

"Ni yeye," muzee akasema. "Amenyamaza. Kwenye ile nyingine nilikuwa bado namusikia ananigombeza."

Akaiokota ile mbaya, yenye vinywa viwili, akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Nzuri akaishika kifuani kwa mikono miwili, uso wa Mukabalisa ukitazama mbele, akatoka kwenda garini.

Laurence akakaa chini. Umeme ukakatika, kama uliokuwa unamsubiri Mukabalisa atoke tu.