Tairi la Upande wa Dereva

Gari letu lilikuwa jipya. Nasema jipya kwa maana tunayoijua sisi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka: Wajapani walikuwa wameshalichoka, likavuka bahari, likafika Lilongwe likiwa bado linanukia sabuni kwenye viti, na mimi nikawa mtu wa kwanza kulipigia honi mbele ya nyumba za matofali mabichi. Nilikuwa fundi cherehani, nina meza yangu Mchesi, mtaa wa Lilongwe, na watu hawakuzoea kuona mwanamke wa Bukavu akishuka upande wa dereva. Sikulinunua kwa ajili ya sifa, ingawa sifa zilipokuja sikuzifukuza. Nililinunua kwa ajili ya mguu wa mama.

Mama alikuwa na sukari, na chini ya kisigino cha kushoto alikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Hospitalini Dowa walikitazama wakatutuma Lilongwe. Lilongwe wakasema kioshwe na kufungwa kwao mara mbili kila wiki, na akizoea kukosa, mguu utakatwa. Daktari aliyetwambia hayo alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu zaidi.

Miezi ya mwanzo mama alipanda bila neno. Alikaa mbele, mkoba mapajani, akisalimia watu dirishani kama bibi harusi. Kisha tairi la mbele upande wangu likaanza kushuka. Halikupasuka. Lingepasuka ningejua la kufanya. Liliachia upepo polepole, kimya kimya, na asubuhi ukitoka unalikuta limejilaza chini, gari zima limeinamia upande huo. Nikanunua pampu ya mguu, nikalijaza, likaenda Lilongwe na kurudi salama, na kesho yake likawa lile lile.

Asubuhi ya tatu mama alisimama mlangoni akalitazama tairi, kisha akarudi ndani na kuvua viatu.

"Iyo motokari mi sipandi tena," alisema.

"Mama, nimeshajaza upepo. Twende, batu ba hospitali banatungoja."

"We enda. Mi najua pneu ya vile mwisho wake."

Sikuweza kumbishia, kwa sababu na mimi niliujua. Baba alikuwa na gari Bukavu, nalo tulilinunua likiwa jipya kwa maana ile ile. Tairi lake la mbele, upande wake, lilikuwa likishuka kila siku, na kila asubuhi kabla ya shule alinisimamisha juu ya pampu nimsaidie kujaza. Nilikuwa mtoto, nikaona ni mchezo. Mama alipouliza mbona tairi halisikii dawa, baba alimjibu jibu moja tu siku zote: "Njia mubaya, mama. Njia tu." Siku vita vilipofika mtaani kwetu tulitoka mbio na mabunda yetu tukakuta tairi limekaa chini. Baba alitwambia tutangulie na majirani kwa miguu, yeye ajaze upepo, atatukuta mbele. Tulitembea huku tukigeuka nyuma hadi giza likaingia. Hatukumwona tena, na hakuna aliyekuja kutwambia alimwona.

Basi mama akaacha hospitali. Nilimwombea nafasi kwenye magari ya watu, akasema kesho, na kesho ikafika akasema mguu umetulia. Haukuwa umetulia. Nilianza kuusikia mguu ule kwa pua nikiwa bado nje ya pazia la chumba chake. Nilikuwa na hasira na tairi kama mtu anavyokuwa na hasira na mkwe mvivu. Nikalipeleka kwa wazibaji wa Dzaleka. Wakalizamisha kwenye beseni la maji wakitafuta povu, lisionekane povu. Wakaniuzia valvu mpya. Jirani mmoja akanishauri kwa sauti ya chini kwamba nina watu wasionipenda, na Mungu anisamehe, kwa wiki nzima niliwasalimia majirani wote nikiwahesabu.

Mwishowe nilimpelekea fundi wa Mchesi, Mmalawi aliyekuwa na kibanda karibu na meza yangu. Yeye hakutafuta tundu. Alilitoa tairi lote kwenye rimu, akapitisha kidole pale mpira unapokutana na chuma, akaniita. Rimu yangu inayong'aa ilikuwa imelika ukingo mzima, imeota unga mweupe wenye magamba, ukigusa unabanduka. Mpira haukuwa na pa kushika. Upepo ulikuwa ukipita hapo. Akaniuliza kwa Kichewa kama nabeba samaki wa chumvi.

Nilikasirika. Nilimwambia mimi ni mshonaji, gari langu halijawahi kubeba hata dagaa. Akacheka, akausugua ukingo kwa brashi ya waya, akalirudisha tairi na kulijaza. Akasema chumvi inatoka mahali, nami nisipoikomesha nitarudi kwake. Nikamshukuru kwa zikomo ya shingo upande, nikaondoka.

Likakaa vizuri siku chache, kisha likaanza tena.

Asubuhi moja niliamka kabla ya kawaida ili nijaze upepo kabla mama hajaona. Nilipofungua mlango nikamkuta ameshanitangulia. Alikuwa amepiga magoti upande wa dereva, mguu mbaya ameunyoosha pembeni, na kikombe cha bati mkononi. Alikuwa akimwaga maji polepole kuzunguka ukingo wa rimu, midomo ikitembea.

Sikuhitaji kuonja ili kujua maji yale yalikuwa na nini. Yalikuwa maji ya maombi, yale wanayoyaombea akina mama wa chumba cha sala, na ndani yake kuna chumvi.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. Alinipa mkono nimwinue. "Nachunga motokari yako. Tangu uliileta, kila asubui. Chumvi inakatazaka nyama kuoza, itashindwa motokari? Na namwanga pale penye kuungana, juu adui anapitiaka pale penye kuungana. Upande yako njo namwanga mingi, sababu njo we unaikalaka."

Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Mama, chumvi hiyo ndiyo inayokula rimu. Acha leo, tairi litapona, utapanda, mguu utapona. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuyasema.

"Ata ya papa yenu," akaendelea, akijipangusa magoti, "nilikuwa naifanyiaka vile vile. Kila asubui, mbele aamuke. Upande yake."

Nikalitazama tairi. Nikamtazama yeye, kikombe bado mkononi, kitambaa cha kidonda kimelowa maji.

"Miaka yote najiulizaka," mama akasema. "Niliomba, niliweka chumvi, sikuruka ata siku moja. Mbona Mungu hakusikia? Na sasa ya kwako pia iko inashuka. Fundi alisema ni nini?"

Naweza kuwaambia kwamba nilifikiri. Sikufikiri.

"Musumari," nikasema.

"Umeuona?"

"Niliuona. Nitakuletea."

Mchana ule niliinama kwenye kibanda cha fundi, nikachagua msumari kwenye mchanga wake. Niliukataa mrefu. Nilichukua mmoja mfupi, wenye kutu, kichwa kimelika. Fundi aliniangalia bila kuuliza. Nadhani alishazoea wateja wa ajabu. Jioni nikauweka kwenye kiganja cha mama.

Aliugeuza mara nyingi. Akausogeza karibu na macho, maana macho nayo sukari ilikuwa imeyagusa.

"Kadogo ivi," akasema.

"Njo ivyo, mama."

"Basi ya papa yenu pia, labda ilikuwa musumari."

"Ilikuwa musumari, mama."

Akaufumba msumari kiganjani. "Kitu kadogo ivi," akasema, "Mungu mwenyewe anaweza kukosa kukiona." Akaniambia nimsogezee viatu vyake karibu na kitanda, kesho asubuhi tunaenda Lilongwe.

Tulienda. Muuguzi alipofungua kitambaa alinigombeza mimi, si yeye, nami nikakubali. Waliosha, wakakata nyama iliyokufa, mama akaushika mkono wangu hadi ukafa ganzi. Wakasema tumewahi, lakini kwa upana wa unywele. Tulirudi siku iliyofuata ya kidonda, na iliyofuata. Kila asubuhi mama alimwaga chumvi yake kabla sijaamka, nami sikumkataza. Nikishamfikisha hospitalini, nilikuwa nikirudi kwenye maegesho na chupa ya maji matupu, nikiziosha rimu zote nne huku nimechuchumaa na nguo zangu za mjini. Walinzi waliniona mwanamke anayependa gari lake kupita kiasi. Tairi liliendelea kushuka, lakini si sana. Kidonda kilifunga taratibu, kuanzia pembeni.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa juu ya pampu, mama amesimama mlangoni amevaa, mkoba mkononi, akinitazama.

"Bado inashuka?" akauliza.

"Njia mubaya, mama," nikamjibu. "Njia tu."

Mguu wangu ukasimama juu ya pampu. Nilimwona baba, asubuhi zile, ameinama kwenye tairi lake, vidole vyake vikipita ukingoni mwa rimu, halafu akivipangusa unga wa chumvi kwenye suruali kabla mama hajatoka.