Mama Mukwe Alilima Barabara

Kwetu Masisi, kila Jumamosi asubuhi ni salongo. Butiki zinafungwa, soko inangoja, kila muntu anatoka na ufagio ao jembe kusafisha mbele ya kwake. Sikia vizuri: mbele ya kwake. Ufagio wa jirani yangu ukifika ku mupaka, unageuka pale pale, utasema umegonga ukuta. Hata jani likianguka katikati ya viwanja viwili, watu wanaangaliana kwanza.

Sasa, kati ya kiwanja cha mwalimu mustaafu na kiwanja cha mama muuza makala, kulikuwa na kipande kisichokuwa na muntu. Mwenye nyumba ya pale anaishi Goma, mulango wake umefungwa miaka yote, na njia ya miguu inayopita mbele ni ya barabara, maana yake ni ya Serikali, maana yake si ya muntu. Basi salongo yote ya avenyu yetu ilikuwa inaishia hapo. Huyu anasukuma sashe zake za plastiki, yule anasukuma maganda ya mihogo, mwingine makapi ya miwa. Shefu wa avenyu akipita, anakuta milango yote inang'aa, anasema asante wakaaji, anainua suruali, anaruka ule uchafu na kuendelea. Chini yake njia ilikuwa imeliwa na maji, mawe yametoka nje, mufereji umeziba.

Pale njo mama mukwe wangu alianguka.

Alikuwa ametoka kijijini kwake Kingi kuja kukaa na sisi kwa sababu ya nyonga yake. Kulima aliacha, kuchota maji aliacha, lakini kwenda kanisani peke yake na fimbo yake, hicho hakuacha. Kanisa iko ku mwisho wa avenyu. Jumapili ile alikanyaga sashe, akateleza, akaingia mu mufereji na kitenge chake kizuri. Hakuvunjika kitu. Lakini bwana wangu, mutoto wake wa kwanza, alishikwa na woga, akatoa amri.

"Mama, hautatoka tena peke yako. Pikipiki itakupeleka."

"Mimi si mufuko wa mihogo," alijibu.

Pikipiki hakupanda. Mukono wangu pia aliukataa. Jumapili zikawa zinapita. Asubuhi anavaa kitenge, anakaa ku kiti mbele ya mulango, anasikia kwaya kwa mbali, halafu anakivua. Sahani ilianza kurudi jikoni na nusu ya chakula. Nikaona wazi: huyu mama asipofika kanisani kwa miguu yake, ataishia ku kile kiti. Iliniuma sana. Na mimi kitu kikiniuma, ninapiga kelele.

Jumamosi iliyofuata nilisimama pale kwenye uchafu, mikono kiunoni.

"Hivi hamuna haya? Wazee wanaanguka hapa!"

"Pole sana, Mama," mwalimu mustaafu alisema, ameegemea ufagio wake. "Lakini hapa si kwangu."

"Hata kwangu si hapa," mama wa makala alisema. Hawa wawili hawajapatana tangu nimewajua, lakini siku hiyo walipatana.

Nikaenda kwa shefu. Akasema tutaona. Tutaona ya shefu wetu ninaijua, unaweza kuzeeka ndani yake. Nikarudi nyumbani nimevimba kama mandazi, nikamueleza mama mukwe kila kitu. Alinisikiliza akiwa anachezea fimbo yake.

"Walisema si kwao?"

"Wote wawili."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya avenyu nzima, Mama."

Akacheka. Tangu aanguke sikuwa nimesikia kicheko chake. Akaniuliza kama Alhamisi nitapika maharagi.

Siku ya Ijumaa, jua linatoka tu, bwana wangu ameshaenda kazini, tukatoka. Nilimushika kiuno tukashuka pole pole, jembe begani kwangu, bakuli mukononi mwake. Nilimuwekea kigoda, akakaa kama anasimamia kazi ya shamba lake. Nilisukuma sashe pembeni, nikapasua udongo kandokando ya njia, mistari mirefu iliyonyooka, maana yeye mustari uliopinda hauvumilii. Akaanza kunipa mbegu.

"Mama! Haya maharagi si yameiva?"

"Nyamaza. Funika udongo."

"Yako na chumvi!"

"Nimesema funika."

Nilifunika huku machozi ya kicheko yananitoka. Ndiyo, tulipanda maharagi ya sufuria. Juu ya mistari alichomeka vijiti, kama watu wa kule milimani wanavyofanya wakipanda, akaweka mikono juu ya fimbo, akangoja.

Kama wewe si muntu wa Masisi, nikuambie kitu kimoja. Kwetu unaweza kumwaga uchafu mahali mpaka uchoke, hakuna atakayekuuliza. Lakini panda mbegu! Mwenye kupanda anasema hapa ni kwangu. Na mbegu ya muntu ikishaingia mu udongo, haifukuliwi hivi hivi, hata kwa kuichungulia tu. Ugomvi wa kwetu karibu wote unaanzia pale.

Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu, mswaki ungali mudomoni.

"Mama, nani alikupatia hapa?"

"Hakuna muntu," mama mukwe alijibu kwa upole mukubwa. "Nilisikia hapana mwenyewe. Na udongo wa hapa, mwalimu, angalia wewe mwenyewe jinsi umenona."

Mswaki ukatoka mudomoni. "Hapana mwenyewe? Kutoka ku ukuta wangu mpaka lile jiwe ni kwangu!"

"Lile jiwe gani?" Huyo ni mama wa makala, amekuja mbio, mikono myeusi. "Lile jiwe liko upande wangu! Mimi njo nililiweka!"

"Wewe uliweka jiwe lini?"

"Kabla haujajifunza kusoma!"

Weee, watu walijaa! Wauza ndizi waliacha ndizi. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu cha kichwa ili nisicheke. Watu wazima, wenye akili, wanagombania sashe na maganda ya mihogo, kila mumoja anadai sehemu kubwa zaidi. Shefu akaitwa, akaja na uso wake wa kazi.

Mama mukwe alisimama. Polepole, kwa fimbo.

"Shefu, mimi ni mugeni hapa, natoka Kingi, sijui mambo ya centre, ya watu wa mujini. Kama hapa ni kwa hawa wawili, nitatoka na maharagi yangu, sitaki ugomvi. Waseme tu mbele yako na mbele ya hawa watu: ni kwao ao si kwao?"

"Ni kwangu!" mwalimu alisema.

"Ni kwangu mimi!" mama wa makala alisema kwa nguvu zaidi.

"Aksanti," mama mukwe alisema. "Na kesho ni salongo."

Nilimuangalia mwalimu, nikaona usoni anaanza kuelewa taratibu. Shefu, ambaye anajua kuliko sisi wote kwamba pale ni barabara, alifungua mudomo, akaangalia ule uchafu alioruka miaka yote, akaufunga. Alipoufungua tena alitangaza kwamba kila muntu atasafisha pa kwake kama kawaida, na atapita yeye mwenyewe kukagua.

Kesho yake sikutoka na ufagio mapema. Nilikaa na kahawa, nikaangalia. Mwalimu alizibua mufereji mpaka ku lile jiwe. Mama wa makala akaona, akazibua na kupita jiwe. Mwalimu akaleta mawe ya mutoni, akatandika njia upande wake ili mupaka uonekane. Mama wa makala akaita wakwe zake, wakatandika upande wao, wakapiga udongo juu mpaka ukawa sawa kama sakafu. Walitukanana asubuhi yote na walifanya kazi nzuri ajabu.

Jioni bwana wangu alitembea pale, akakanyaga jiwe moja moja, akarudi. Ile amri yake hakuitaja tena.

Jumapili mama mukwe alivaa kitenge, akachukua fimbo. Nikasimama.

"Unaenda wapi?" aliniuliza.

"Kanisani."

"Basi tangulia. Ao baki nyuma. Pembeni yangu sikutaki."

Nilibaki nyuma, mbali. Alipofika pale pa mwalimu na mama wa makala alisimama, nikaongeza hatua. Alikuwa anapumzika tu. Akajaribu jiwe kwa fimbo, akaweka muguu, kisha mwingine, akapita, akaendelea kupanda mpaka ku mulango wa kanisa. Kwaya ilikuwa imeshaanza. Nilipoingia, mama wa benchi ya pili alikuwa anasogea ili mama mukwe apate nafasi, amefurahi, anamushika mabega.

"Mama wetu! Nani amekuleta?"

Akakaa, akapanga kitenge chake magotini, akajibu kwa sauti ambayo hata mupiga ngoma aliisikia.

"Nimejileta."