Mota ya Mama Pindo

Mama Pindo, fundi cherehani, alizeeka akishona kwa kukanyaga, na magoti yake hayakuwahi kumsumbua. Mwaka jana kitinda mimba wake alimwonea huruma, akaifungia cherehani mota ya umeme. Mwenyewe hata hakuulizwa. "Pumzika sasa, mama," kijana alimwambia, na majirani wakamsifu kwa kumjali mzazi.

Tangu hapo miguu ikawa inavimba. Kuinuka kitini, mpaka ashike meza. Daktari alipompima akasema dawa ni kuichezesha miguu kila siku, na Mama Pindo akarudi nyumbani amefura kuliko hiyo miguu.

Kesho yake kijana akaingia na boksi, meno yote nje. Ndani mlikuwa na pedali mbili za kukanyaga mtu akiwa amekaa.

Mama Pindo akazigeuza huku na huku. "Hizi zinashona nini?"

"Hazishoni kitu, mama. Ni za kukanyaga tu."

"Yaani umeninyima kukanyaga kwa kazi, sasa unaniletea kukanyaga bure." Akamtupia bisibisi miguuni. "Kaa hapo chini, baba. Ng'oa mota yako."